Pampu Inavuta Macho Manne na Nusu

Jumatatu, 4 Julai 1977

Nimerudi kutoka Busia, mpakani mwa Kenya, saa nane mchana. Kimea cha shayiri chini ya kikapu, omena, dagaa wa ziwani, juu. Hopsi, yale majani machungu ya bia, nimeyashona ndani ya mto wa kulalia. Askari wa kizuizi cha barabarani alitia mkono kikapuni, akaunusa, akatema mate, akaniambia nipite. Sasa kimea chote kinanuka samaki. Nimekianika nyuma ya jiko. Binti yangu Achieng anafukuza paka.

Siku ya tano leo tangu wanajeshi wamchukue mume wangu Othieno.

Naandika Kiswahili kwa sababu hapa Paya, katika boma hili la kina Othieno, hakuna mwingine anayekisoma. Mama mkwe akiona daftari anadhani nawaandikia ndugu zangu Wasamia barua za kulalamika. Mwache adhani.

Nina hasira na mume wangu hata ninapomwombea. Mdomo ule! Kapewa mrija kwenye chungu cha ajono, pombe yetu ya ulezi, kanywa, kajisifu mbele ya watu kwamba alipika bia kiwandani miaka kumi na mmoja. Muongo. Alikuwa anaosha chupa. Aliyekuwa kwenye chumba cha kupikia ni mimi, na kipimajoto mkononi, nikiandika nambari kila robo saa. Maneno yakafika kambini kwa wanajeshi. Bia ya chupa siku hizi haionekani madukani. Kapteni akaja mwenyewe na gunia la sukari, akasema tumpikie. Othieno akapika. Maji ya kimea akayaacha kwenye pipa yapoe yenyewe mpaka asubuhi, kama ajono. Nilimwambia. Akanijibu nisimfundishe kazi yake. Yakachacha. Maafisa walishinda chooni siku mbili, na siku ya tatu gari likaja.

Kapteni anataka kreti nne za bia nzuri Jumamosi tarehe 6 Agosti. Ana mgeni mkubwa kutoka Kampala. Ikiwa nzuri, Othieno anarudi. Ikiwa mbaya, hakumalizia. Alifunga mlango wa gari tu.

Jumatano, 6 Julai

Nimepeleka chakula kambini. Sikumwona. Askari wa langoni alichukua bakuli, nikangoja juani, likarudi tupu limefungwa kwa kitambaa changu. Fundo lilikuwa la Othieno, lile la kupinda mara mbili ambalo huwa nashindwa kulifungua. Yuko hai. Nimelifungua kwa meno njia nzima.

Sasa kazi. Bia si ajono. Ajono unaongeza maji ya moto na kunywa, hakuna anayejali kupoza. Bia ukishaichemsha lazima ipoe haraka, ndani ya saa moja, la sivyo uchachu unaingia kabla ya hamira. Kiwandani tulipitisha maji baridi kwenye mabomba ya shaba, na maji yalikuwa yanakimbia. Bomba la shaba lililoviringwa ninalo, nimeliazima kwa jirani anayepika waragi, gongo ya huku, kwa siri. Amenipa akiangalia barabarani. Likipotea naye kazi yake imekwisha.

Maji ndiyo shida. Yetu yako bondeni kwenye mafunjo, na jiko liko juu. Nikibeba kwa kichwa, nikifika na debe la pili la kwanza limeshapata moto. Nahitaji pampu.

Jumamosi, 9 Julai

Fundi Saidi amekuja kutoka Tororo mjini na pampu nyuma ya baiskeli. Ni pampu ya mkono, ile ya kusukuma kulia na kushoto, ya kutolea mafuta ya taa kwenye mapipa. Ana mipira mirefu ya kutosha kushuka bondeni na kurudi. Kwao ni Waislamu wa tangu babu, watu wa malori na vyuma. Alipoona sufuria kubwa na gunia la kimea akageuka akaipa mgongo. Akaniambia, "Mama Achieng, mimi kazi yangu maji. Ile kitu ingine mimi hapana ona." Nikamwambia asione, avute tu.

Ameifunga pampu kwenye gogo karibu na jiko, ili anayesukuma aone moto. Mimi nilikubali. Naliandika hili ili nisije nikamlaumu peke yake.

Jumapili, 10 Julai

Ujinga wangu. Nilikuwa na haraka. Nikawasha moto kabla ya kujaribu pampu. Theluthi nzima ya kimea ndani. Saa sita mchana maji ya kimea yakachemka vizuri, harufu ile ile ya kiwandani, nikafurahi kama mtoto. Fundi akaanza kusukuma. Pampu ikakohoa. Ikakohoa tena. Hewa tupu. Tukaimwagia maji mdomoni ili ishike, ikashika kidogo, ikakohoa. Nilisukuma mimi mpaka bega likakataa.

Yakapoa yenyewe mpaka jioni. Nimeyaonja leo hii hii na najua yatachacha. Nimewamwagia nguruwe wa jirani.

Theluthi moja ya uhai wa mume wangu nimewapa nguruwe.

Jumatatu, 11 Julai

Fundi anasema ni ngozi ya ndani imekauka. Ameiloweka kwa mafuta ya ng'ombe. Hewa.

Anasema ni mpira unavuja. Ameupaka sabuni, na sabuni yenyewe ya magendo. Hewa.

Anasema mikono yangu haina nguvu. Nikamwambia asukume yeye basi. Akasukuma. Hewa. Amepanda baiskeli yake akaenda bila kuaga. Pampu ameiacha.

Jumatano, 13 Julai

Bakuli limerudi na fundo jingine. Fundo la kawaida, la mtu yeyote. Nimelishika mapajani barabara nzima bila kulifungua. Mama mkwe aliponiuliza nikasema kila kitu ni sawa. Sijui ameamini au la. Alienda kulala kabla ya jua kuzama.

Kimea kilichobaki kinatosha mpiko mmoja tu wa kreti nne. Kuvuka tena Busia haiwezekani, jana wamewapiga wanawake wa samaki kizuizini na kuwanyang'anya kila kitu.

Alhamisi, 14 Julai

Nimeacha kubahatisha. Kiwandani hatukubahatisha, tulipima.

Nilichukua sufuria ya maji nikasimama ukingoni mwa kijito. Nikaishika usawa wa macho. Uso wa maji haudanganyi: ukitazama juu yake mpaka ng'ambo ya sufuria, unaona palipo sawa na macho yako kwenye mteremko. Nikapanda mpaka pale, nikasimama, nikatazama tena. Kila mara nikaita jicho moja. Kutoka majini hadi jikoni ni macho saba.

Kisha nikamwita Achieng anishikie mpira, nikaifungua pampu gogoni, nikaibeba chini. Kwa macho sita, hewa. Kwa matano, hewa na mate kidogo. Kwenye mihogo, macho manne na nusu, ikakohoa mara mbili na maji yakanirukia usoni. Loo! Nilipiga kelele, mama mkwe akatoka nje akidhani nimeumwa na nyoka. Nikaipandisha hatua tatu. Ikafa. Nikaishusha hatua tatu. Ikafufuka.

Ngozi ilikuwa nzima. Mpira ulikuwa mzima. Fundi wa mitambo kiwandani alikuwa akituambia, na mimi nikiandika nambari zangu bila kusikiliza, kwamba pampu haivuti maji hata kidogo. Inaondoa hewa iliyo ndani ya mpira, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Nguvu ya hewa hiyo ina mwisho. Kwa pampu yetu, mwisho ni macho manne na nusu. Sukuma mpaka ufe, haitazidi.

Wakati wa mvua kijito kingekuwa juu zaidi na pengine tusingejua. Kiangazi kimetushushia maji.

Ijumaa, 15 Julai

Fundi Saidi amerudi baada ya swala. Nilimtumia salamu kwamba pampu inatoa maji. Hakuamini. Nimemwonyesha. Aliupapasa mpira, akasema, "Wallahi, mimi miaka ishirini nafunga pampu kwa watu." Nilitaka kumcheka. Sikuweza. Alinipa mkono.

Tumeifunga chini kabisa, karibu na maji. Kuvuta ndiko kwenye mpaka. Kusukuma inasukuma hata zaidi. Maji yamefika jikoni.

Jumamosi, 16 Julai

Nimejifunza. Leo nimechemsha maji matupu, sio kimea. Fundi chini anasukuma, mimi juu na bomba la shaba ndani ya sufuria. Maji yanafika, ndiyo, lakini membamba, kama mtoto anakojoa. Njia yote ile ya kupanda inayala. Saa mbili nzima na kiwiko changu bado hakivumilii. Kiwiko ndicho kipimajoto changu sasa, kama maji ya kumwogesha mtoto mchanga.

Saa mbili ni uchachu. Tumebadilishana kusukuma mpaka malengelenge. Hakuna kitu.

Roho yangu haitulii. Nakaa nasimama. Nimemgombeza Awor kwa kosa la dada yake Achieng.

Jumapili, 17 Julai

Jibu nalijua tangu jana na sitaki kulisema. Maji hayataki kupanda. Basi sufuria ishuke. Pale mihogo inapoishia chini, macho matatu, kuna uwanja wa kutosha moto na sufuria. Pampu chini inasukuma kidogo tu.

Nimemwambia mama mkwe. Amekaa chini papo hapo. Katika boma hili chungu cha pombe hupikwa ndani ya ua. Kinatoka nje ya ua kwa jambo moja tu, kupikia matanga ya mwanamume wa nyumba hiyo. Ndivyo walivyompikia baba yake Othieno. Nilikuwepo. Nikipika pale kwenye mihogo, na mume wangu hayupo, kijiji kizima kitaona moshi na kuja kulia.

Nilimwambia hii si ajono, ni bia ya Kapteni. Akasema pombe ni pombe. Akaniuliza kama nimesikia jambo kambini ambalo simwambii. Nikafikiria lile fundo. Nikasema hapana.

Jumatatu, 18 Julai

Hanisemeshi. Ameweka kigoda chake kwenye njia ya kushuka bondeni na kukaa hapo tangu asubuhi. Naye ni mzee, siwezi kumruka. Nilipiga magoti nikamwomba. Nikamwambia mama, mwanao hatarudi kwa mimi kupika ndani ya ua, atarudi kwa bia kupoa. Akatazama pembeni.

Siku zinakwisha. Kesho ni mwisho, la sivyo bia haitakuwa tayari. Namchukia leo. Nampenda pia, kwa sababu analia kitu kile kile ninachokilia.

Jumanne, 19 Julai

Nimepita.

Kulipopambazuka kigoda kilikuwa bado pale na yeye juu yake. Nikashuka na sufuria kichwani nikipitia kwenye migomba, nikachanika mguu kwa mti mkavu. Aliniona. Akaanza kulia kwa sauti, kilio kile chenyewe cha msiba, anamtaja mwanawe kwa majina yote. Majirani wakatoka. Wanawake wawili wakaja na majani kiunoni, kama waendao msibani. Nikawasha moto na kilio hicho masikioni. Kimea nilikipima sawasawa, hopsi nikatia mara mbili kwa wakati wake, sukari mwishoni.

Fundi Saidi akasukuma. Maji yakaja mengi. Kisha nikafanya jambo nililolifikiria njiani: mpira wa kutolea maji ya moto sikuuacha umwage pale pale, niliushusha mpaka kijitoni. Maji yanayoshuka yakayavuta yale yanayopanda. Mkono wa pampu ukawa mwepesi ghafla. Fundi akapiga kelele kutoka chini, "Mama, sasa nakuwa laini! Umefanya nini?" Akasahau akageuka, akaitazama sufuria, akakumbuka, akageuka tena.

Dakika arubaini. Kiwiko kikaingia na hakikusikia moto wala baridi. Nikatia hamira, nikafunika pipa, nikakaa juu ya tuta la mihogo nikalia pamoja na wale waliokuja kulia. Waliniacha. Walidhani wanajua ninacholilia.

Alhamisi, 21 Julai

Pipa linachemka lenyewe. Povu jeupe. Harufu ya mkate, samaki hakuna. Nimeligusa pipa kama ninavyomgusa mtoto mwenye homa.

Jumatano, 27 Julai

Kambini wamekataa bakuli. Askari mpya, simjui. Amesema wafungwa wote wanakula humo humo. Nikamuuliza Othieno wa Paya yupo? Akasema nirudi nyumbani.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Sikumbuki barabara.

Alhamisi, 28 Julai

Nimeosha chupa mia moja. Maji ya moto, majivu, mchanga, suuza mara tatu. Mgongo umekatika na vidole vimekuwa kama vya maiti. Miaka kumi na mmoja alifanya hivi kila siku, na jioni akaja nyumbani akicheka. Sikuwahi kumuuliza kama vidole vinauma. Nilijivunia kipimajoto changu.

Chupa ya themanini hivi, mama mkwe akaja na kigoda chake. Akachukua chupa, akaanza kusuuza.

Ijumaa, 5 Agosti

Nimefungua moja. Imelia pss. Nimemimina kwenye bilauri. Safi, rangi ya chai isiyo na maziwa, povu limekaa. Chungu inavyotakiwa. Ni bia. Sina haja ya mtu kuniambia.

Usingizi hakuna siku tatu.

Jumamosi, 6 Agosti

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Fundi Saidi alipata lori la binamu yake. Alifunga kreti kwa turubai bila kuzitazama. Kambini Kapteni alikuwa nje na kiti chake. Akafungua chupa, akanywa yote akiwa amesimama. Akafungua nyingine. Akacheka, akampiga begani askari aliyekuwa karibu. Akasema mume wangu aletwe.

Yuko hai. Amekonda, jicho moja limevimba, suruali kaishika kwa mkono. Alinitazama kisha akatazama chini. Nilitaka kumkimbilia na sikuthubutu.

Kapteni akasema bia hii ni ya watu wakubwa. Akasema Othieno haendi popote. Atakaa hapa kambini awapikie kila mwezi, chumba atapewa. Alisema kama mtu anayetoa zawadi.

Nikaona yatakayotokea. Othieno akipika, itachacha. Mara ya kwanza walimpiga. Mara ya pili hawatampiga.

Nikasema. Sikupanga kusema. Nikasema, "Afande, huyu hajui kupika. Ameosha chupa maisha yake yote. Niliyepika ni mimi."

Kapteni akageuka. "Wewe mama? Hii pombe wewe napika?" Nikasema ndiyo. Akamwuliza Othieno. Othieno aliipandisha suruali kwanza. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo, mbele ya askari wote, "Chupa, afande. Nilikuwa naosha chupa." Walicheka mpaka wakashikana.

Kapteni akafuta midomo. Akasema basi mwosha chupa aende. Mama aripoti Jumatatu asubuhi na vyombo vyake. Akasema Paya si mbali, na kwamba anajua yule bibi kizee anakaa wapi.

Jumapili, 7 Agosti

Othieno amelala kutwa. Nimemkanda jicho kwa maji ya chumvi. Alipoamka alisema tuvuke sote leo, twende kwa ndugu zangu upande wa Kenya. Tulimtazama mama mkwe. Hawezi kutembea mpaka Busia, na amesema hataki kuzikwa kwenye udongo wa watu. Na nikivuka mimi, watamjia yeye.

Basi wavuke wao. Wasichana na baba yao. Nimewasuka nywele wote wawili, za kukaa muda mrefu. Achieng aliniuliza nitafuata lini. Nikasema wasichana wakubwa hawaulizi hivyo.

Othieno aliniambia nimemwokoa. Nikamwambia anyamaze. Nilikuwa na hasira naye bado na sikutaka iishe, ingeisha ningelia.

Mama mkwe alinipikia leo, kalo, ugali wa ulezi, na kuku. Miaka yote hii ni mimi ninayempikia. Aliketi akanitazama nikila mpaka mwisho.

Alhamisi, 11 Agosti

Chumba kiko nyuma ya jiko la maafisa. Kitanda kizuri, dirisha lina nondo. Mlango hawaufungi, langoni tu ndipo kuna askari.

Kisima cha hapa hakifiki hata macho matatu. Pampu ilivuta mara ya kwanza.

Fundi Saidi aliileta na akafunga mipira mwenyewe. Alipoinama aliniambia polepole kwamba Othieno na watoto walipita Busia juzi, katikati ya wanawake wa samaki, hakuna aliyewagusa. Nikasema ahsante. Aliendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Kapteni alipita mchana kuangalia. Nilimuuliza nitakaa hapa mpaka lini. Hakukasirika. Alifikiri kidogo, akasema mpaka bia ya chupa irudi madukani.

Nimeloweka shayiri iote kimea. Kesho naigeuza.